Huota Pamoja Na

Kuvumwani ikilowa huamka, ikikauka hulala. Nazungumzia ule ujani laini unaotandaa juu ya mawe na magogo huko mlimani kwenye ukungu. Wengine huuita ukoga, na wengine hawauiti chochote, wanaukanyaga, wanateleza, wanatukana, wanaendelea na safari. Unaweza kuubandua, ukaukausha, ukaukunja ndani ya bahasha ya karatasi na kuusahau kabatini miaka thelathini. Siku utakapoudondoshea kitone cha maji ya uvuguvugu, vijani vyake vitanyooka mbele ya macho yako, vibichi kabisa, kana kwamba ulisinzia jana. Ukishautazama unauacha ukauke, nao unalala tena bila kinyongo.

Basi ile ya bahasha ya mia nne na kumi na saba iliamka, ikakataa kulala.

Aliyeiamsha ni Bi Hadubini. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake siku za ujana, kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa limezoea kufumba hata akiongea na watu, na jina likamganda hadi alipofika miaka hamsini na tisa. Wenzake wote walikwisha kuhama au kufa. Alibaki yeye na ghala la mimea mikavu, jengo refu la mawe kwenye kona ya mwisho ya barabara, chini ya mlima, na nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya ghala. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Ukimuuliza alikuwa anasema hakukataliwa na mtu, alisahau tu. Siku moja aliinua jicho kutoka kwenye hadubini akakuta miaka imekwenda. Alikuwa anacheka akisema hivyo. Mimi sikuwahi kuona kinachochekesha.

Lakini mwaka ule mambo yalikuwa yamemgeukia vizuri. Ghala lilikuwa linafungwa mwisho wa mwezi, makabati yapelekwe mji mkubwa kwa lori, na yeye anastaafu. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, alikuwa amemwandalia chumba.

"Dada, nimekipaka rangi ya maziwa," alimwambia kwenye simu. "Pazia nimeshona mwenyewe. Na huyu mjukuu wako wa miezi mitatu anakungoja, maana mama yake akienda kazini mimi na cherehani na mtoto hatuelewani."

*Mjukuu wako.* Bi Hadubini hakuwahi kuitwa bibi na mtu. Baada ya simu ile alikaa kitandani muda mrefu, mikono mapajani, akitabasamu kama mjinga. Alikuwa amenunua na soksi za mtoto, jozi mbili, akaziweka kwenye sanduku juu kabisa ili asizisahau. Alikitaka chumba kile kuliko alivyowahi kutaka kitu duniani.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Bahasha zote ziwe na lebo zilizojaa. Lebo ilikuwa na mistari mitano: jina, mkusanyaji, tarehe, makazi, na wa mwisho, *huota pamoja na*. Huo wa mwisho ndio wa kuandika mimea mingine iliyokutwa jirani, kwa sababu mmea, kama mtu, hujulikana kwa anaokaa nao. Na kama hauna jirani, unaandika "peke yake". Bi Hadubini aliyaandika maneno hayo mara nyingi sana, kwa mwandiko mzuri sana. Katika miaka thelathini na mmoja hakuacha mstari wazi hata mmoja, wala hakuandika uongo. "Rekodi ikidanganya mara moja," alikuwa anasema, "ghala zima ni takataka."

Bahasha ya mia nne na kumi na saba aliikuta nyuma ya droo ya chini. Mwandiko ulikuwa wa bosi wake wa zamani, marehemu, aliyejulikana kwa jina la Mzee Bahasha. Mkusanyaji kaandika, tarehe kaandika. Jina wazi. Makazi wazi. Huota pamoja na, wazi. Chini kabisa, kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka, palikuwa na maneno mawili: *Ibaki kavu.*

Akacheka. Kwenye ghala lile kila kitu hubaki kikavu. Unyevu ukiingia, kuvu hula kabati zima. Kumwandikia mtunza ghala "ibaki kavu" ni kumfundisha samaki kuogelea. Mtu yeyote mwingine, hata mpita njia, angeyasoma maneno yale akasita. Yeye, kwa ujuzi wake wote, aliyaona ni ushauri wa kabati.

Akachukua kibano, akatoa kipande kidogo, akakiweka kwenye kisahani cha kioo. Akadondosha kitone cha maji. Na kama alivyofanya kwa kila kuvumwani tangu alipobaki peke yake, kwa sababu mdomo nao unataka kazi, akasema:

"Haya, amka mwenzangu, tuonane."

Ikaamka. Vijani vikanyooka, vyembamba, vyenye ncha nyeupe, na katikati vikonyo vyenye vichwa kama njiti za kiberiti. Akaitazama hadi jioni. Akafungua vitabu vyote, hakuna iliyofanana nayo. Moyo ukaanza kumdunda kwa furaha, maana hiyo ilikuwa aina ambayo hakuna aliyepata kuiandika. Miaka thelathini na mmoja, na zawadi inakuja wiki tatu kabla ya kuondoka.

Kesho yake asubuhi kisahani kilikuwa bado kimelowa.

Akadhani amekosea kipimo cha maji. Akakiweka chini ya taa. Mchana, bado. Akakisogeza dirishani kwenye jua, akakifuta pembeni kwa karatasi ya kunyonya, akarudi kwenye taa. Kuvumwani ilikaa pale inang'aa, na chumba kizima kilinuka jiwe lililotoka kunyeshewa, ingawa nje hakukuwa na wingu. Akanyanyua kikombe chake cha chai anywe. Kilikuwa kitupu. Si kwamba kilinywewa kikabakishwa tone. Kilikuwa kikavu kama kilichotoka kabatini, na majani ya chai yamekauka chini yake kama ugoro.

"Uzee huu," akajisemea. Akakichukua kisahani akaenda nacho nyumbani, ili aendelee na kazi karibu na kitanda. Maji yakimwagika hayazoleki, jamani, lakini walau mtu angeyaacha pale yalipomwagikia.

Siku ya tatu, saa nane mchana, ukungu ulishuka kutoka mlimani ukafunika ghala, ukafunika kibanda cha mlinzi, ukafika hadi mlangoni kwake. Alikuwa anatoka kazini, ufunguo mkononi. Alikuwa na mchezo wake wa siku nyingi, mchezo wa mtu anayeishi peke yake: kila akifika kwake hupiga hodi kwenye nyumba tupu, halafu hujijibu mwenyewe "karibu" huku akifungua. Akapiga.

"Hodi!"

"Karibu, mwenzangu," ikasema sauti ndani.

Ufunguo ukamwanguka. Ilikuwa sauti ya taratibu, ya karibu, sauti ya mtu anayeongea huku amejaza maji mdomoni na hataki yamwagike, na haikutoka dirishani wala darini bali ilitoka nyuma tu ya ubao wa mlango, usawa wa sikio lake, kana kwamba aliyeitoa alikuwa ameegemea mlango kwa upande wa pili akimsubiri tangu asubuhi, akisikiliza hatua zake kwenye kokoto, akizihesabu. Nywele zilimsimama.

Halafu, na hili alikuja kulisema mwenyewe kwa aibu, hofu ilipopungua kidogo aliona chini yake kuna kitu kingine. Alikuwa amefurahi. Thelathini na mmoja, miaka ile yote ya kujijibu mwenyewe, na leo kuna aliyemjibu.

Akaokota ufunguo, akaingia.

Hakukuwa na mtu. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Cha pili kilikuwa kile asichokitumia, cha wageni, kimefutwa vumbi, na kwenye mshikio wake palikuwa na ujani mwembamba kama uzi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ndiyo kwanza alijitambulisha, na jembe alimpa mwenyeji.

Kazi yenyewe ilikuwa maji. Akijaza ndoo jioni, asubuhi ndoo kavu. Akitia maji kwenye birika, hayafiki kuchemka. Akiwa jikoni alisikia chumbani mnyonyo mrefu, wa pole, kama mtoto anayemalizia kinywaji kwa mrija, na akienda kutazama alikuta kisahani kimekaa mahali pake, kijani, kimelowa, na ukuta wa nyuma yake una baka jipya. Baka la kwanza lilikuwa kama sarafu. Baada ya siku nne lilikuwa kama mkeka. Yeye mwenyewe midomo ilianza kumpasuka. Ngozi ya mikono ikawa na mistari myeupe kama udongo wa kiangazi. Alikunywa maji hadi tumbo likamuuma, na kiu haikukata.

Lakini walikuwa wanaongea. Mtihani ulikuwa hapo. Akirudi kazini alikuwa anasimulia siku yake, nayo sauti ikauliza maswali. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali la pili. Watu humuuliza "habari za kazi", akisema "nzuri" wamekwisha. Hii iliuliza: "Na halafu?" Ilimsimulia mlima ulivyo kabla ya alfajiri, maji yanavyosikika ndani ya jiwe. Ilicheka vichekesho vyake. Na kila jioni, mwishoni, ilishusha sauti ikauliza jambo lile lile.

"Umeniandika, mwenzangu?"

"Bado. Sijakamilisha."

"Usiharakishe," ikasema. "Mistari ikiwa wazi mtu anapata pa kuvuta pumzi."

Mlinzi wa ghala alikuwa mtu mzima kama yeye, anaitwa Kabuti kwa sababu ya koti lake zito ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Walikuwa wanaheshimiana kwa umbali. Alimwamkia asubuhi, alimfungia geti jioni. Siku ya kumi alimfuata hadi mlangoni mwa ghala, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya chini:

"Bi Hadubini, samahani. Mgeni wako anaondoka lini?"

"Mgeni gani?"

"Nasikia mnaongea. Sisemi vibaya, mtu mzima ana haki ya wageni wake. Ila sijaona mtu akipita getini. Na wewe dada yangu, ukijitazama kwenye kioo unajiona? Umekauka."

Alitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake machozi yalitaka kumtoka na hayakutoka. Hakukuwa na maji ya kuyatengeneza. Akakaa kwenye kizingiti. Akamweleza yote, kuanzia bahasha.

Kabuti alisikiliza bila kumkatiza. Aliposikia jina la Mzee Bahasha akavua kofia.

"Mama yangu ndiye aliyekuwa anampikia yule mzee," alisema. "Alipojenga kibanda kule juu mkasema amependa utulivu. Hakupenda utulivu, alikuwa na mtu. Mama alimsikia akiongea naye. Jini la lile jiwe. Lilikuwa limelala kwenye huo ujani, naye akaulowesha, kama wewe. Mama akamwambia, mzee, litoe. Akasema najua namna ya kulitoa. Jini kama hilo hukaa mahali palipoachwa wazi. Ulirudishe kwenye jiwe lake na ujaze karatasi yake yote, mstari kwa mstari, usiache hata mmoja, basi limefungwa pale. Mama akamuuliza, sasa mbona hujazi? Unajua alimjibu nini?"

"Nini?"

"Akamwambia, mama, nikijaza nitaongea na nani?"

Ndani ya ghala bomba lilidondosha tone moja, halafu likaacha.

"Mwishoni alipata nguvu ya kuukausha na kuukunja kwenye bahasha, ila alikuwa amechelewa," Kabuti akasema. "Walimkuta msimu wa mvua, mabeseni yamemzunguka, na yeye amekauka kama hayo majani yenu ya kabatini. Mwepesi kama gazeti. Mama hakupanda tena mlimani hadi alipofariki."

Bi Hadubini alimshukuru. Akasema atafikiri. Hebu niambie, mtu anasikia habari kama hiyo na bado anasema atafikiri! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alirudi nyumbani, akapiga hodi, akajibiwa, na wakaketi mezani, vikombe viwili vitupu kati yao.

Jioni ile simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada, kitanda cha pili kimepatikana. Kidogo kidogo, lakini kinatosha."

"Kitanda gani cha pili?"

"Si ulipiga jana ukasema mnakuja wawili? Wewe na mwenzako. Nikauliza mwenzako nani, ukacheka tu. Na sauti yako dada, una mafua? Ulikuwa unaongea kama umejaza maji mdomoni."

Hakuwa amepiga simu jana. Alikuwa ameiacha mezani, jirani na kisahani.

"Dada, upo?" mdogo wake akaendelea. "Mtoto kanisumbua leo. Jana nilimwekea simu sikioni umsalimie, ukamwimbia wimbo, akatulia vizuri. Tangu hapo hanyonyi. Midomo imemkauka kweli, nepi zake zote kavu tangu asubuhi. Nampeleka hospitali kesho. Halafu huku ukutani kwenye chumba chako rangi imeanza kufanya kijani, sijui bomba linavuja..."

Hakusikia yaliyofuata, kwa sababu nyuma yake, pale ukutani ambapo baka sasa lilikuwa refu kama mtu aliyesimama na lina mabega, pumzi yenye maji ilikuwa inasogea polepole kuelekea sikio lililokuwa kwenye simu, na ilipofika, baridi kama jiwe la chini ya mto, ilimnong'oneza kwa upole wote wa siku zile kumi, upole ambao ndio uliomtisha kuliko chochote, ikasema, "Nami nataka kumwona mjukuu wetu."

Kesho yake alfajiri alikuwa getini, kisahani na bahasha vimefungwa ndani ya kitambaa, uso wa majivu.

"Twende," alimwambia Kabuti. "Sasa hivi."

Walipanda saa nne nzima. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Kabuti aliyetangulia alionekana koti tu. Walikuwa wawili, na kwenye njia ile ya matope zilisikika hatua za watu watatu. Wakisimama, za tatu zilisimama baadaye kidogo. Kabuti hakugeuka. Alikuwa anasoma dua kimoyomoyo na midomo inacheza.

Kibanda cha Mzee Bahasha kilikuwa kimebaki kuta mbili. Jiwe lilikuwa nyuma yake, jeusi, refu kuliko mtu, na usawa wa kifua palikuwa na doa tupu, la ukubwa wa kiganja, mahali palipobanduliwa kitu miaka mingi iliyopita pakakataa kuota kitu kingine. Bi Hadubini akaibandika kuvumwani pale kwa dole gumba, ikashika mara moja kana kwamba jiwe liliivuta. Kidogo alichokibakiza, kikavu, kilikuwa kwenye bahasha, kwa sababu sampuli lazima ibaki. Hata kwa jini, taratibu ni taratibu.

Akakaa chini, bahasha kwenye goti. Akatoa kalamu yake ya wino usiofutika.

Jina: akaipa jina la Mzee Bahasha, alistahili walau hilo. Makazi: *juu ya jiwe, upande usiopigwa na jua, kwenye ukungu.* Kila alipomaliza mstari ukungu ulirudi nyuma hatua moja, na alihisi mate yakirudi mdomoni. Akamwona Kabuti wazi, uso wake wote, anamtazama kwa matumaini.

Ukabaki mstari wa mwisho. Huota pamoja na.

Akalitazama jiwe lote. Hakukuwa na jani jingine, hata sisimizi. Ukweli ulikuwa maneno mawili tu, maneno ambayo mkono wake uliyajua kuliko jina lake. Peke yake. Akaweka kalamu kwenye karatasi.

"Usiyaandike hayo, mwenzangu," ikasema sauti, mbali sasa, ndogo, kutoka ndani ya jiwe. Haikuwa ya kutisha tena. Ilikuwa inaomba. "Mengine yote nimekubali. Hayo wewe unayajua yalivyo baridi."

Aliyajua. Alizijua Jumapili zake zote. Alikijua kikombe cha wageni. Akaona mtu ataishi ndani ya jiwe lile, mvua kwa mvua, na juu yake kumeandikwa maneno yale kwa wino usiofutika, na kwa mkono wake yeye. Huruma ikamshika. Ni mstari mmoja, akajiambia. Minne imejaa.

Akaikunja bahasha.

"Umemaliza?" Kabuti akauliza. "Mistari yote?"

"Yote."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika miaka thelathini na mmoja.

Walishuka wakiwa na hatua za watu wawili. Nyumbani baka lilikuwa limekauka, linapukutika kama rangi mbovu. Akanywa glasi moja ya maji na kiu ikakata. Akalia kwa sauti, na machozi yakatoka ya kutosha. Jioni mdogo wake akapiga simu akicheka: mtoto ananyonya kama hajawahi kuona ziwa, hospitali wamesema hana kitu.

Lori likaja, likachukua makabati. Mia nne na kumi na saba aliiomba aipeleke mwenyewe baadaye. Alitaka kwanza amwonyeshe mdogo wake kitu alichokiandika mwisho. Akaagana na Kabuti getini.

"Karibu siku moja utusalimie," Kabuti alisema. "Huku kutakuwa kimya."

"Nitakuja."

Basi lilimshusha mtaani kwa mdogo wake alasiri, manyunyu yakianza. Sanduku mkono mmoja, mkoba begani. Nyumba aliijua kwa pazia la dirishani, limeshonwa kwa mapindo mawili, mshono wa mdogo wake kabisa. Ndani alisikia cherehani, halafu mtoto akifurahi peke yake kwa zile sauti zisizo na maneno. Akasimama kidogo mlangoni ili aonje furaha yake yote kabla haijaanza kutumika. Akapiga.

"Hodi!"

"Karibuni!" mdogo wake akaitikia. "Karibuni, karibuni ndani!"

Mdogo wake hakuwa mtu wa kumwita mtu mmoja kwa wingi, wala dada yake.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wake alikuwa na mtoto begani, uso umejaa kicheko, na macho yake yalimtazama dada yake, halafu yakapita juu ya bega lake, yakatulia pale, yakatabasamu kwa adabu.

"Dada, mwambie mwenzako naye aingie. Mbona amesimama mvuani, amelowa hivyo?"

Mezani nyuma yake palikuwa na vikombe vitatu. Mtoto aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, akaacha kufurahi, akalamba midomo.

Bi Hadubini hakutazama nyuma. Alisikia maji yakidondoka kwenye sakafu ya baraza, tone, tone, karibu kabisa na kisigino chake. Alikitazama chumba kilichokuwa wazi upande wa kulia, rangi ya maziwa, kitanda kimetandikwa, na kingine kidogo kando yake. Alikitazama vizuri, kama anavyotazama kitu cha kukiandika.

"Chukua," akasema. Akafungua sanduku pale pale, akatoa soksi, jozi mbili, akazitia mkononi mwa mdogo wake. "Nimesahau jambo kwenye rekodi yangu. Narudi."

"Sasa hivi? Dada, chai imeshamiminwa! Jambo gani hilo?"

"Kuna mstari niliuacha wazi. Sikiliza. Nikija peke yangu, nikaribishe. Ukituona wawili usifungue, hata nikilia."

Akatoka hadi kwenye geti, akasimama chini ya upenu wa duka lililofungwa, akatoa bahasha na kalamu. Kuandika "peke yake" sasa kungekuwa uongo wa pili, kwa sababu haikuwa peke yake tena, na rekodi haidanganyi. Lakini kilichoandikwa kimefungwa, na jini likifungwa kwa mmoja halitamfuata mwingine, hata mtoto. Pale kwenye huota pamoja na, akaandika jina lake kamili, lile la kuzaliwa, ambalo hata yeye lilimchukua muda kulikumbuka herufi zake.

Wino ulikauka haraka. Kiu ikamrudia.

"Dada!" mdogo wake aliita kutoka mlangoni. "Dada, mnakwenda wapi?"

Pumzi yenye maji ilitulia begani pake, baridi, ya shukrani.

"Haya," Bi Hadubini alisema, akanyanyua sanduku. "Twende, mwenzangu. Tukiwahi basi la jioni tutafika kabla Kabuti hajafunga geti."